Uzi: Kuotesha maikrogrini nyumbani, tuanze na mbegu kabla ya taa na treyi

Bustani ya Barazani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Kila nikipita humu nakuta mtu anauliza kuhusu maikrogrini, vile vimche vya mboga vinavyokatwa vikiwa na majani mawili ya mwanzo, urefu wa kidole, na kuliwa vibichi. Maswali ni yale yale: taa gani, treyi gani, hoteli zipi zinanunua. Mbegu inatoka wapi, hilo haliulizwi kabisa, na mimi naona ndilo linaloweza kumlaza mtu hospitali. Acheni nilimalize hilo kwanza, mengine yatafuata.

Mbegu ya figili, kabichi, bitiruti au sukuma wiki ya kwenye duka la pembejeo mara nyingi imepakwa dawa ya kuzuia ukungu au wadudu. Utaijua kwa rangi yake: waridi, nyekundu, bluu, kijani cha kung'aa. Rangi ile inatiwa makusudi ili mtu asiichanganye na chakula. Anayepanda shambani hana shida sana, maana kabichi inakaa miezi kabla ya kufika sufuriani. Wewe unakata mche wa siku 8, na ganda la mbegu pengine bado limeng'ang'ania ncha ya jani. Ganda hilo ndilo lililopakwa dawa, na linakwenda moja kwa moja kwenye sahani.

Kuna anayeniambia, "naiosha mpaka rangi inatoka." Ndugu, soma yaliyotokea Iraki mwaka 1971. Serikali iliagiza ngano ya mbegu kutoka nje, imepakwa dawa yenye zebaki na kutiwa rangi ya waridi. Sehemu kubwa ilifika vijijini msimu wa kupanda umeshapita, na maandishi ya onyo kwenye magunia hayakuwa ya Kiarabu. Watu wakaiosha, rangi ikatoka, wakaamini sumu nayo imetoka, wakasaga na kuoka mikate. Waliolazwa walizidi 6,000, na vifo vilivyoandikwa hospitalini ni 459. Dawa za mbegu za leo si zebaki ile, lakini kutoka kwa rangi bado hakumaanishi dawa imetoka.

Sasa tununue wapi? Kwa wauza viungo na nafaka. Haradali, giligilani, uwatu, choroko, dengu, ufuta, vyote vimewekwa pale kwa ajili ya kuliwa. Kariakoo vipo, Darajani vipo, Marikiti ya Mombasa vipo. Alizeti tafuta ile ndogo nyeusi ya kukamulia mafuta, yenye ganda lake, inayotoka Singida na Dodoma. Hiyo ndiyo inayootesha miche mizuri, na bei yake haifanani kabisa na pakiti za kuagiza nje.

Angalia mambo mawili unaponunua. La kwanza, kunde, choroko na nafaka za ghalani huchanganywa na dawa ya unga ya kuzuia wadudu. Ukiingiza mkono kwenye gunia ukatoka na vumbi jeupe lenye harufu, achana nalo, tafuta muuzaji mwingine. La pili, kiungo kinaweza kuwa kizee au kimeshapitishwa motoni. Kabla ya kununua kilo nzima chukua punje 20, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uziangalie baada ya siku tatu. Zikiota 17 au 18 rudi ukanunue. Zikiota 10, hiyo ni ya kupikia tu, kwa sababu zisizoota zitaozea katikati ya zinazoota na kukuharibia treyi yote.

Namna ya kuotesha naileta jioni. Ulizeni.

Mwana wa Tabata

Mkuu shukrani, haya ni madini. Mimi nimepanga chumba kimoja, uwanja sina, dirisha ni moja na linatazama mashariki. Naweza kweli? Udongo nao natoa wapi, huku kwetu ni mchanga na takataka.

Bustani ya Barazani

Dirisha la mashariki ni zuri kuliko unavyodhani. Huku kwetu jua la saa sita linashuka utosini, linaunguza miche laini mpaka inalala. Jua la asubuhi mpaka saa nne, kisha mwanga wa kawaida wa mchana, unatosha. Taa za umeme ni za wenzetu wa Ulaya ambao wakati wa baridi kwao giza linaingia saa kumi jioni.

Udongo achana nao. Tumia vumbi la makumbi ya nazi, lile linalouzwa limeshindiliwa kama tofali. Ni jepesi, linashika maji, na halina samadi. Samadi mbichi usiikaribishe hata kidogo kwenye kitu kinachokatwa karibu na udongo na kuliwa bila kupikwa. Mbolea nayo haihitajiki, kwa sababu mche wa umri huu bado unakula akiba iliyo ndani ya mbegu.

Nikupe mfano wa haradali maana ndiyo nyepesi kwa anayeanza. Chukua vyombo viwili vifupi vinavyoingiana, hata dumu la mafuta lililopasuliwa ubavu linafaa. Kimoja kitoboe chini kwa msumari uliopashwa moto, kingine kiache kizima. Makumbi yamwagie maji yanayochemka, yafunike yapoe. Ukifinya konzi moja yatoke matone mawili matatu, yasichuruzike. Yatandaze kwenye chombo chenye matundu, kina cha vidole viwili, uyasawazishe kwa kiganja.

Kwa chombo cha sentimita 25 kwa 50 inatosha gramu 15 hivi za haradali, kijiko kikubwa kimoja na nusu. Nyunyiza toka juu kama unavyotia chumvi kwenye samaki, punje zikaribiane lakini zisipandane. Usizifukie. Pulizia maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, kisha lalisha chombo kingine juu yake na uweke uzito, pakiti ya unga ya kilo mbili inafaa. Uzito huo ndio unaolazimisha mzizi kushuka chini. Usipoweka, utaona mizizi inatambaa juu juu, miche inaanguka ubavu.

Siku ya tatu ondoa uzito. Utakuta miche imekiinua chombo cha juu kwa nguvu zake yenyewe, myeupe na ya manjano, shingo imepinda. Iache gizani siku moja zaidi ili irefuke, halafu ipeleke dirishani. Hapo kaa uangalie kama una nafasi: asubuhi ni ya manjano, jioni imeshakuwa kijani.

Tangu hapo maji yatoke chini. Mimina kwenye chombo kisichotobolewa, subiri dakika 10 au 15, makumbi yanywe, yanayobaki mwaga. Ukimwagia juu majani yanalala na ukungu unapata mlango. Geuza chombo kila siku maana miche inafuata mwanga. Kati ya siku ya 8 na ya 10 unakata, na Dar ya Januari inaweza kuwahi zaidi.

Kwa walio Pwani: maji ya kisima yenye chumvi yanaua haradali na giligilani. Kinga maji ya mvua au tumia ya bomba.

Mkunazini

Assalaam aleikum. Huku kwetu Unguja makumbi yamejaa, wanawake wanayafukia pwani kwa ajili ya usumba wa kusokotea kamba, na vumbi lake linatupwa tu. Linafaa hilo?

Bustani ya Barazani

Waaleikum salaam dada yangu. Linafaa, ila limelala kwenye maji ya bahari miezi mingi, limejaa chumvi. Liloweke kwenye maji matamu, likamue, umwage, urudie mpaka ukionja maji ya mwisho yasiwe na chumvi. Baada ya hapo limwagie maji yanayochemka kama nilivyoeleza juu. Mkipata ya makumbi makavu ya shambani, yasiyopita pwani, kazi inapungua.

Njoki wa Nakuru

Habari zenu. Mimi nilianza na figili na alizeti, na hapa Nakuru baridi si haba. Siku ya tatu nikifunua naona weupe kama pamba kwenye mizizi. Nimetupa treyi mbili nikidhani ni ukungu. Ni ukungu kweli?

Bustani ya Barazani

Pole dada, na inawezekana kabisa ulitupa mboga nzima. Figili hasa huota vinyweleo vingi vyeupe kwenye mzizi, vimeuzunguka mzizi wenyewe kila upande, na vinaonekana sana pale unyevu unapopungua. Pulizia maji. Vikinywea na kutoweka papo hapo, ni vinyweleo vya mzizi, ishara ya afya. Ukungu hautoweki kwa maji, unatanda kutoka punje hadi punje kama utando wa buibui, na ukisogeza pua kuna harufu ya chumba kilichofungwa.

Kuna na ugonjwa mwingine ambao watu hawausemi: mche unasimama vizuri, kisha shina linanyong'onyea pale linapogusa makumbi, linakuwa kama limebanwa, unaanguka wenyewe. Huo unaletwa na vimelea vya kwenye udongo, Pythium na Rhizoctonia, na vinapenda maji yaliyotuama, mbegu zilizosongamana na hewa isiyotembea. Ukiona kiraka kimoja kimeanguka, usijaribu kukitibu. Tupa chombo chote, kioshe kwa sabuni na jiki, kikauke juani. Mara ijayo punguza mbegu na ufungue dirisha.

Alizeti yako: loweka saa 8 hadi 12, weka uzito mkubwa kuliko wa haradali, na uifunike kwa tabaka jembamba la makumbi. Yale makumbi yanasaidia kuvua maganda mche ukipanda. Kata kabla majani ya pili hayajachomoza katikati, maana yakishatoka ladha ya karanga inageuka na mche unakuwa na manyoya mdomoni.

Mwalimu wa Mbeya

Mnaeleza vizuri, ila mimi hili suala la maikrogrini kuwa na "virutubisho mara 40" ya mboga iliyokomaa linanisumbua. Kila anayeuza treyi analisema. Limetoka wapi? Na mchicha wetu wa kawaida una kosa gani?

Bustani ya Barazani

Mwalimu, swali lako ndilo nililokuwa nalingoja.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima aina 25 za maikrogrini, vitamini na karotini zake. Aina nyingi walikuta zina kiasi kikubwa kuliko mboga iliyokomaa ya aina hiyo hiyo, na kwa baadhi ya virutubisho tofauti ilifika hiyo mara 40. Kabichi nyekundu iliongoza kwa vitamini C, karibu miligramu 147 kwa gramu 100. Giligilani iliongoza kwa luteini, mojawapo ya karotini hizo. Mchicha mwekundu uliongoza kwa vitamini K. Utafiti ni wa kweli, na mimi kuona mchicha na giligilani vimo kwenye orodha ya mbele kulinifurahisha mno.

Lakini anayeuza treyi anaruka kitu kimoja. Vipimo hivyo ni kwa gramu 100, na hakuna anayekula gramu 100 za vimche vya kabichi. Anaweka konzi juu ya kachumbari, gramu 15 hivi. Piga hesabu: ni kama miligramu 22 za vitamini C. Kabichi nyekundu iliyokomaa ina miligramu 57 hivi kwa gramu 100, na bakuli la gramu 100 mtu analimaliza bila kujua. Aliyekula bakuli amepata zaidi ya aliyekula konzi. Halafu mara 40 ile si ya kila kirutubisho wala ya kila aina, ni ncha ya juu kabisa ya matokeo.

Kwa hiyo mchicha wako hauna kosa lolote. Mimi naotesha hivi kwa sababu nyingine. Nataka kitu kibichi, kilichokatwa dakika ile, nyumbani pasipo na shamba. Nataka ukali wa haradali kwenye mayai na harufu ya giligilani changa kwenye supu ya samaki. Anayetaka kuacha sahani ya mboga za majani kwa sababu ana treyi dirishani amedanganywa.

Mkunazini

Ahsante kaka. Na uwatu je? Bibi zetu wanawapa wazazi waliojifungua. Naona watu mtandaoni wanauotesha kwenye chupa ya maji tu, bila makumbi wala nini.

Bustani ya Barazani

Uwatu ni mtamu wa uchungu, ule wa kupendeza. Kule Mumbai wanauotesha kwenye mchanga karibu na bahari na kuuza vishada vidogo vingali na mizizi. Kwenye makumbi unakuwa tayari siku 8 hadi 12.

Ila hiyo ya chupa ni kitu kingine. Ile ni mbegu iliyochipua kwenye maji na joto, na unakula yote, mbegu, mzizi, ganda. Bakteria akiwa kwenye punje moja, chupa nzima inakuwa makazi yake. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko wa bakteria wa E. koli, watu karibu 4,000 wakaugua na zaidi ya 50 wakafa, wengi kwa figo kuharibika. Uchunguzi uliishia kwenye chipukizi kutoka shamba moja la kaskazini, na mbegu yenyewe ilikuwa uwatu ulioagizwa kutoka Misri.

Maikrogrini hatari yake ni ndogo kwa sababu inamea kwenye hewa na mwanga, na unakata juu ya makumbi, ganda na mzizi unaviacha. Ndogo, si kwamba haipo. Unaweza kuisafisha mbegu kwa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa ya kuoshea vidonda: ipashe hadi nyuzi joto 60, tumbukiza mbegu dakika 5, zisuuze vizuri kwa maji safi. Inapunguza vijidudu vya juu ya ganda, vilivyojificha ndani ya mpasuko haivifikii. Mzazi aliyetoka kujifungua, mjamzito, mtoto mdogo, mzee, au mwenye kinga dhaifu, mpikie. Tumbukiza miche kwenye mchuzi unaochemka, uiache inywee kabisa ndipo upakue.

Mjukuu wa Bibi Asha

Naongezea swali la wagonjwa. Babu yangu anatumia warfarini ya kuzuia damu kuganda. Nataka kumwoteshea mchicha.

Bustani ya Barazani

Usimpe kabla hajaongea na daktari wake wa kliniki. Vitamini K inapingana na warfarini, na nimetaja juu kwamba mchicha mwekundu ndio ulioongoza kwa vitamini hiyo. Si lazima akatazwe, ila kiasi anachokula kisipande na kushuka ghafla, kwa sababu dozi yake imepangwa kulingana na chakula chake. Mweleze daktari unachotaka kumpa na kiasi gani.

Na kwa kuwa tumefika kwenye madhara, niorodheshe visivyoliwa kabisa vikiwa miche, maana watu wanajaribu kila mbegu waliyonayo. Nyanya, bilinganya, pilipili, viazi: miche yake ina sumu. Mtama: mche mchanga wa mtama una sianidi, wafugaji wanajua, ng'ombe akiingia kwenye mtama mchanga anaweza kufa. Maharage: yakiwa mabichi yana lektini inayotapisha na kuharisha vibaya, kuyaotesha hakuiondoi ya kutosha. Choroko haina tatizo hilo. Mwenye maharage apande shambani na apike.

Kijana wa Moshono

Mkuu niende kwenye pesa. Arusha kuna hoteli nyingi na kambi za watalii. Nikiweka treyi 30 sebuleni, soko lipo?

Bustani ya Barazani

Mdogo wangu, usianze na treyi 30. Nenda kwanza kwa wapishi wakuu, jikoni, saa tisa alasiri ambapo chakula cha mchana kimeisha na cha usiku hakijaanza. Beba sampuli, waulize wanatumia nini na mara ngapi kwa wiki. Mpishi haogopi bei kama anavyoogopa kukosa: akishaweka figili nyekundu kwenye menyu anaitaka kila Jumanne na Ijumaa, msimu wa wageni na usio wa wageni. Aprili na Mei mvua zinanyesha, wageni wanapungua, kambi nyingine zinafunga, na mzigo wako hauwekeki ghalani.

Kata alfajiri kukiwa na ubaridi, kwa mkasi safi mkali, upana wa kidole juu ya makumbi. Acha kumwagilia tangu jana yake ili majani yawe makavu. Usioshe kabla ya kuhifadhi, aoshe mlaji. Weka kwenye kisanduku chenye karatasi ya jikoni chini, kwenye friji nyuzi 4 hivi, vitakaa wiki moja. Ukipanda bodaboda na kisanduku kisicho na barafu mpaka Karatu, utafikisha uji.

Hali ya hewa ya Arusha inakubeba, hasa kwa giligilani ambayo joto la Dar inalichukia. Ile punje ya duara ni mbegu mbili ndani ya ganda moja: isukumie chupa juu taratibu ipasuke mbili, kisha loweka. Hata hivyo inachelewa, wiki nzima kuchomoza na wiki tatu kukata. Ipange hivyo kwenye ratiba yako, ukimwahidi mpishi siku 10 utamwangusha.

Mwana wa Tabata

Nimerudi. Haradali punje 20 zimeota 14. Giligilani bado kimya, leo siku ya tatu. Nifanyeje?

Bustani ya Barazani

Giligilani isubiri, siku tatu ni mapema sana kwake, iangalie siku ya 8 au ya 10. Haradali ya 14 usiipande. Rudi na punje zako umwonyeshe muuzaji, umuulize mzigo mpya unaingia lini, wengi wa wauza viungo wanajua gunia lipi ni la zamani na watakupimia kutoka lingine. Chukua robo kilo tu, ujaribu tena punje 20 kabla ya kuchemsha makumbi. Ile iliyobaki ipeleke jikoni, iunge kwenye mafuta ya moto na majani ya mchuzi, umimine juu ya dengu.